Lango la Kushoto

Bweni la wasichana
14 Januari

Dada yangu,

Mimi ni mzima, ukiondoa mafua ya vumbi ambayo humpata kila mtu muhula ukianza. Mwalimu wa maktaba amenipa ufunguo wa chumba cha nyuma, kule kwenye vitabu vilivyopasuka migongo, ili nivigundishe wakati wa mapumziko. Kwa hiyo sina haja ya kusimama uwanjani nikitafuta la kuwaambia watu. Najua utacheka. Mguu wa mama unaendeleaje? Na lile jogoo la jirani, bado linatangaza asubuhi kabla ya asubuhi yenyewe?

Habari zako nimezipata kwa mama. Alijaza ukurasa mzima kuhusu kuku, mvua na paa, kisha chini kabisa, kama mtu anayetaja chumvi, akaandika: "Dada yako ameajiriwa na halmashauri, Idara ya Maji na Udhibiti wa Mafuriko. Anasimamia malango ya mto." Hakusema amefurahi wala amechukia. Nilisoma mstari ule hadi ukakosa maana.

Dada, umeingia chini ya mkono wa Mwavuli.

Sijui kama huko mkuu wa idara hiyo bado wanamwita hivyo. Mimi sikumbuki sura yake vizuri, namkumbuka mtumishi aliyekuwa akimfuata nyuma na mwavuli, hata jua likiwaka, siku zile alipokuja kukagua mitaro ya akina baba. Lakini sauti yake naikumbuka. Ndiye aliyeona king'ora cha mafuriko kimekaa bure juu ya paa la halmashauri, akaamuru kitumike kutangaza mwisho wa kazi kila jioni. "Chombo kisichotumika hushika kutu," alisema, na watu wakampigia makofi.

Siku ile kilipolia kabla ya muda, baba na wenzake walidhani wamehurumiwa kwa sababu ya mawingu. Wenzake wakaenda zao. Baba akashuka kwenye kalvati kutoa makoleo, maana kwake koleo halilali mtaroni. Maji yakamkuta humo.

Mwavuli alipotoa jibu kuhusu fidia, nilikuwa nimesimama nyuma ya mama. "Pole sana, mama. Lakini king'ora kilikuwa kimeshalia. Marehemu alikuwa nje ya kazi." Kisha wakaomba mabuti yake yarudishwe, kwa kuwa yalikuwa ya halmashauri na hakupaswa kuyavaa nje ya kazi. Mama aliyaosha kwanza. Aliyaosha, dada, ndipo akayarudisha.

Nataka kujua utafanya nini. Usiniambie umekwenda huko kwa ajili ya kazi.

Mdogo wako


Nyumbani
8 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika pamoja na gundi yako, maana bahasha ilikuwa imeshikana na barua nikaifungua kwa kisu. Mama hajambo. Mguu unamuuma kukiwa na baridi, na kukiwa na joto anasema unajiandaa kuuma. Jogoo ni lilelile. Kula vizuri, na usimalize macho yako kwa vitabu vya watu waliokufa.

Nimekwenda huko kwa ajili ya kazi. Nimeisomea kazi hii, na hakuna mto mwingine ninaoujua kwa miguu yangu.

Nikueleze ilivyo. Juu ya mji, mto unafika kwenye kituo chetu na hapo kuna malango mawili ya chuma. Lango la kulia linapeleka maji kwenye mfereji ulionyooshwa, ule unaopita mtaani kwetu bondeni. Lango la kushoto linafungua mkondo wa zamani, unaozunguka nyuma ya mji hadi kwenye kinamasi, ambako maji hayamdhuru mtu. Kwenye nguzo ya katikati kuna alama nyekundu. Kanuni ya idara ni fupi: maji yakifika kwenye nyekundu, lango la kushoto linafunguliwa lote.

Mwaka ule wa baba halikufunguliwa. Maji yote yalikuja kwetu.

Siku yangu ya kwanza niliuliza kwa nini lango la kushoto limejaa kutu na usukani wake umefungwa mnyororo. Fundi wa grisi, mzee mwenye meno mawili na maneno mengi, akanichekea. "Mkuu wangu, umeona paa jekundu kule? Basi hiyo ndiyo kufuli."

Paa jekundu ni nyumba ya Mwavuli. Ameijenga katikati ya mkondo wa zamani, ndani ya hifadhi ya mto, mahali ambapo idara yake mwenyewe inakataza mtu hata kupanda mahindi. Mkondo ulikuwa mkavu kwa miaka mingi, akaona ni kiwanja.

Yeye mwenyewe alinipokea ofisini kwake. Alinijua. Aliniangalia kama mtu anayetazama zawadi aliyoitoa. "Unaona, binti? Halmashauri haisahau watu wake. Baba yako angefurahi." Nikamshukuru. Nikamwomba grisi.

Usiniandikie mambo haya waziwazi. Barua zako hupitia mapokezi ya ofisi, na dada wa mapokezi ana kazi chache.

Dada yako


Maktaba
20 Februari

Dada mpendwa,

Natumaini wewe na mama mnaendelea vyema, na dada wa mapokezi pia, kama anasoma hapa. Mtihani wa kwanza nimepita vizuri isipokuwa hesabu, ambazo zimenipita mimi. Bweni limejaa kuliko mwaka jana. Kwenye kitanda cha juu yangu amekuja msichana mgeni wanayemwita Chiriku kwa sababu haishiwi maneno. Huongea hata akipiga mswaki.

Nimekuwa nikisoma kuhusu mito. Kipo kitabu cha jiografia kisicho na jalada kinachosema mto uliohamishwa hauachi njia yake, bali huipumzisha. Niliunakili mstari huo na kuuweka chini ya mto wangu wa kulalia.

Nimekuandikia pia maneno ya kusema, kwa sababu nakujua, ukikasirika unanyamaza. Nimeyapanga kama mchezo wa kuigiza. Yeye anaingia akiwa amelowa. Anasema, "Funga lango, nyumba yangu!" Wewe unakaa kidogo bila kumtazama, unafuta mikono kwa kitambaa, halafu unasema: "Samahani, mzee. Niko nje ya kazi." Anapiga magoti. Unamwambia, "Mzee mwenzako alipiga magoti kwenye tope, akaambiwa alikuwa nje ya kazi." Kisha unageuza usukani taratibu, huku unamtajia watu wote wa bondeni kwa majina. Nimeyajaribu kwa sauti ndani ya chumba cha nyuma. Yanafaa.

Wewe unasema umekwenda kwa ajili ya kazi. Mimi nasema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Nijibu neno moja tu: hiyo grisi ni ya lango lipi?

Mdogo wako


Kituo cha malango
29 Machi

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mama anakusalimu, anauliza kama blanketi linatosha. Nilimsomea mchezo wako nikidhani utamchekesha. Alisikiliza hadi mwisho, akaendelea kuchambua mchele. Baadaye sana akauliza, "Huyo anayepiga magoti, anapiga moja au yote mawili?"

Grisi ni ya malango yote. Mnyororo tumeukata kwa msumeno. Fundi aligeuza usukani wa kushoto ukapiga kelele mji mzima ukasikia, akasema, "Sikieni, bibi harusi analia." Sasa unageuka kwa mkono mmoja.

Mitaro ya bondeni tumeizibua hadi kwenye kinu cha kusaga nafaka. Tope lililotoka lilikuwa na viatu, sufuria na kiti cha ofisi. King'ora nimekirudishia kazi yake. Niliandika kwa halmashauri kwamba mwisho wa kazi utapigwa kengele ya chuma, na king'ora kisisikike tena ila kwa maji. Tulipita nyumba kwa nyumba kuwaeleza watu. Mwavuli alitia saini bila kusoma, kwa kuwa ilikuwa chini ya mambo mengine.

Kisha nikafanya jambo ambalo najua utalipenda. Idara hupaka alama ya X nyekundu kwenye kila jengo lililo ndani ya hifadhi. Nilichukua kopo na brashi, nikaenda mwenyewe hadi kwenye paa jekundu, nikapaka X ukutani, kubwa, nikiwa nimesimama juu ya stuli. Mkewe alitoka.

"Wewe binti, unafanya nini?"

"Kazi, mama. Mvua zikija, maji yatapita hapa. Hameni mapema."

"Unajua hii ni nyumba ya nani?"

"Ya mtu anayeijua kanuni, mama."

Kesho yake Mwavuli aliniita. Hakupandisha sauti. Alisema rangi ile imeshaoshwa, na mtu mwenye akili hamwagii maji mkono unaomlisha. Nikamwambia nimemwelewa. Jioni nikarudi nikapaka tena.

Kwa hiyo wameambiwa. Mara mbili. Hilo nataka ulijue, litakalotokea likitokea.

Dada yako


Bweni la wasichana
12 Aprili

Dada,

Nakusalimu, namsalimu mama, blanketi linatosha. Huku mvua imeanza na paa la jikoni linavuja.

Barua yako ya X niliisoma mara nyingi, na kila mara niliishia pale mkewe alipotoka. Kuna jambo sijakuambia. Si kwamba nilisahau.

Chiriku ni binti yake. Binti wa Mwavuli. Nililijua tangu wiki ya kwanza, alipobandika picha ya nyumba yao pembeni ya kitanda, akataja cheo cha baba yake, na paa lilikuwa jekundu. Yeye hajui mimi ni nani. Anajua tu kwamba sisemi sana, akaamua kusema kwa niaba ya wote wawili. Hunishikia nafasi bombani. Nilipougua alinisomea kitabu changu kwa sauti, akakosea kila neno gumu, akayacheka mwenyewe. Hakuna mtu mwingine shuleni anayekuja kwenye chumba cha nyuma.

Sikutaka ujue kwamba nimecheka naye.

Jana ilitangazwa likizo fupi. Sisi tusio na nauli tunabaki, wenye nauli wanakwenda. Yeye anakwenda. Alifunga sanduku akiimba, akaniambia chumba chake kiko nyuma, dirisha linaangalia mahali palipokuwa mto zamani, na kwamba mvua ikinyesha analala kama mtoto.

Nilikuwa nimekaa kitandani, dada. Ningeweza kusema. Sentensi moja ingetosha: usilale chumba kile. Niliifikiria. Halafu nikafikiria mama akiosha mabuti, nikamsaidia kubana kufuli la sanduku, nikamwambia safari njema.

Leo asubuhi ameondoka, nami ndiyo naandika. Najua barua hii itachelewa. Labda ndiyo sababu naweza kuiandika.

Mdogo wako


Nyumbani
3 Mei

Mdogo wangu,

Mama ni mzima. Nyumba yetu ni kavu. Nimeanza na hayo ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa.

Mvua ilinyesha milimani usiku kucha, na asubuhi nilipofika kituoni maji yalikuwa yanapanda nguzo kama mtu anayepanda ngazi bila haraka. Niliagiza king'ora. Kwa mara ya kwanza mji ule ulikisikia ukakimbia. Watu wa bondeni walikuwa juu shuleni kabla chai haijapoa. Nilimtuma fundi wa grisi kwenye paa jekundu awatoe wote, nikamwambia asirudi hadi auone mlango umefungwa kwa nje. Alirudi akihema. "Wametoka, mkuu wangu. Mama, bibi kizee, na binti mwenye sanduku. Wako barabarani. Wananitukana."

Simu ya Mwavuli ilikuja kwanza. Alisema nisiguse lango la kushoto, maji yabaki kwenye mfereji, bondeni si watu wameshaondoka? Nikamwambia nyumba zao hazina miguu. Akakata.

Kisha akaja mwenyewe, bila mtu wa kumfunika. Mvua ilikuwa imembandika shati mwilini nikaona ni mzee kuliko nilivyodhani. Maji yalikuwa yanagusa chini ya nyekundu.

Sikusema hata neno moja la mchezo wako.

"Binti," alisema, "najua unachotaka. Nimekijua tangu ulipoomba kazi. Nitaandika leo hii, hapahapa, kwamba baba yako alikuwa kazini. Nitaweka saini na muhuri. Mama yako ataipata jioni. Acha tu lango hili."

"Na bondeni?"

"Bondeni wamezoea."

Fundi aliyasikia hayo. Akageuka akatazama ukuta, kama mtu aliyekuta mwenzake hana nguo.

Maji yakafika kwenye nyekundu. Nikageuza usukani. Aliushika upande wa pili, nasi tukavutana kama watoto wanaogombea mpira, hadi fundi alipomkumbatia kwa nyuma akamwondoa, akimwambia, "Taratibu mzee, utateguka." Lango likapanda. Mto ukasimama kidogo, kama unauliza, kisha ukaingia njia yake.

Nyumba haikuanguka mara moja. Ukuta wa nyuma ulikwenda kwanza, pamoja na chumba chenye dirisha. Halafu paa likakaa juu ya maji, zima, likaondoka. Nilikuwa nimeshafunga usukani na kuandika kipimo. Kazi yangu hapo ilikuwa imekwisha. Nilibaki nikitazama. Nilifurahi, mdogo wangu. Nakuambia wewe tu. Nilifurahi hadi nikaona njaa.

Barua yako nimeikuta ofisini siku ya nne baada ya hapo.

Lakini nilikuwa nimeshakutana na Chiriku wako. Nilishuka barabarani kuona kama kuna aliyeumia. Binti aliniangalia usoni muda mrefu, akasema, "Una macho ya rafiki yangu wa shuleni." Akataja shule. Nikakubali kwamba ni mdogo wangu. Nikaona anahesabu kichwani: jina la mji, kazi yangu, kimya chako.

"Alinisaidia kubana sanduku," alisema. Basi. Hakulia.

Dada yako


Maktaba
11 Mei

Dada,

Namshukuru Mungu kwamba mko salama. Mengine ya salamu nitayaandika siku nyingine.

Kwa nini hukumwacha aandike kwanza? Angeandika, angepiga muhuri, ungeitia barua mfukoni, ndipo ufungue lango. Vyote viwili ungevipata! Nyumba yake na neno la baba. Nani angekulaumu? Yeye ndiye mwenye deni la udanganyifu, si sisi. Miaka yote hii mama amekuwa mjane wa mtu aliyekuwa "nje ya kazi", na karatasi ilikuwa mkononi mwako, ukaiacha ilowe.

Chiriku hajarudi. Kitanda cha juu kiko wazi. Ni kimya sana humu hata waliomlalamikia kelele sasa wanalalamika.

Mdogo wako


Nyumbani
2 Juni

Mdogo wangu,

Jogoo la jirani limeliwa, kwa hiyo sasa tunaamka wenyewe. Mama anakusalimu.

Kuna kitu nilikiruka katika barua ile. Nilikuwa nimeamua nisikuambie, lakini umenilaumu kwa jambo ambalo nililifanya.

Nilimpa kalamu.

Pale kituoni, kabla maji hayajagusa nyekundu, niliwaza hayohayo uliyoyawaza wewe. Mwache aandike, kisha fungua. Nilimpa kalamu na karatasi, akainama juu ya meza, akaandika tarehe kwa mwandiko mzuri. Akaandika, "Nathibitisha kwamba." Halafu mkono ukasimama. Akainua kichwa akaniuliza kwa upole kabisa, kama karani anayemhudumia mtu dirishani, "Baba yako alikuwa anaitwa nani?"

Nilimnyang'anya kalamu. Hapo ndipo nilipogeuza usukani. Nilikuandikia maji yalikuwa yamefika kwenye nyekundu. Yalikuwa yanakaribia. Fundi anajua, mimi najua, na sasa wewe.

Halmashauri imemsimamisha. Nimeitwa mbele ya kikao, nikaeleza simu aliyopiga na mnyororo tulioukuta. Kuhusu baba, mwenyekiti alisema litaangaliwa. Nilipomweleza mama, aliniuliza kama mkondo umeshapungua maji, panapitika.

Asubuhi iliyofuata alivaa gauni lake la kutokea, akajipaka mafuta, akachukua fimbo. Nilidhani anakwenda hospitali kwa ajili ya mguu. Nikamfuata kwa mbali. Alikwenda hadi ilipokuwa nyumba. Mke wa Mwavuli alikuwa pale na ndugu zake wakichokora tope, wakitoa na kuosha sahani na vipande vya kabati. Mama alitafuta jiwe kavu, akaketi. Hakusema kitu. Yule mwanamke akamwamkia, mama akaitikia vizuri. Akamuuliza, "Mama, unatafuta nini?" Mama akasema, "Hakuna, mwanangu. Endeleeni tu. Nakuangalia unavyoosha."

Amekwenda kila asubuhi tangu siku hiyo. Majirani walikuwa wanasema mama yetu amesamehe, ana moyo wa pamba. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Nimemwomba aache. Anasema mguu unahitaji mazoezi.

Dada yako


Bweni la wasichana
16 Juni

Dada,

Mimi ni mzima. Mwambie mama blanketi linatosha na kwamba namwomba nami aache kwenda kule, ingawa sijui kama nina haki ya kumwomba mtu jambo hilo.

Sina tena ugomvi nawe kuhusu karatasi. Nilimtamka baba kwa jina lake lote ndani ya chumba cha nyuma, polepole, na sikuweza kuendelea na gundi siku hiyo.

Chiriku amerudi Jumatatu. Ana sanduku lilelile na sare ya kuazima inayompwaya mabegani. Hakuweka picha. Wasichana walimzunguka wakitaka habari za mafuriko, akawajibu neno mojamoja, hadi wakachoka. Hakunisalimu wala hakunikwepa. Alipanda kitandani kwake kama mtu anayepanda basi lenye abiria asiowajua.

Jumamosi ni siku ya kufua. Nilikuwa bombani, beseni langu limejaa, akaja akasimama upande wa pili. Kulikuwa na mabomba mengine. Nilijua nilipaswa kusema kitu, na nilikuwa nimeandaa maneno, ukurasa mzima.

"Ulijua maji yatapita kwetu?" aliuliza.

"Nilijua."

"Wakati nafunga sanduku?"

"Ndiyo."

"Na nilikuambia nalala chumba cha nyuma."

"Uliniambia."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mwanafunzi aliyepata jibu alilolitarajia. Nikamwambia habari za baba, king'ora, kalvati, na yale aliyosema baba yake. Nilizisema vibaya, nikirukaruka. Alisikiliza zote. Mwisho akasema, "Pole. Sikuyajua hayo." Na alimaanisha, dada, nilimwona. Kisha akasema, "Lakini mimi nilikuwa nakushikia nafasi."

Akaingiza mikono kwenye beseni langu, akaisuuza sketi yangu, akaikamua vizuri hadi tone la mwisho, akaianika kwenye kamba, akainyoosha mikunjo kwa viganja. Akachukua ndoo yake akaondoka. Tangu hapo ni mpole kwangu. Ananiachia njia mlangoni. Chumvi ikipungua upande wangu wa meza, yeye ndiye anayeisogeza. Haongei, na hana haraka yoyote.

Wenzangu wanasema ameshatulia, kwamba mtoto wa watu ana moyo. Mimi naujua utulivu ule. Nimelala nao tangu nikiwa darasa la sita.

Wewe ulikuwa upande wa kusubiri kulipiza, nami vilevile. Kwa hiyo sijui nimuulize nani: mtu anayesubiriwa, dada, hufanya nini asubuhi akiamka?

Mdogo wako